Mpira wa Kufungia Majani

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimelisema hilo mbele za watu wengi, na sikulisema kwa kujifurahisha. Mtu aliyemaliza darasa la saba bila kufaulu hata somo moja, akashuka Moshi mjini na spana mbili za kuazima, leo ana karakana tatu, ana mashine ya kupimia magari ambayo nilipoileta hata Arusha walikuja kuitazama, na vijana kumi na saba wanakula kwa mkono wake, mtu huyo ameshaona yote. Nimefungua injini nikakuta panya amezalia ndani ya boksi la kuchujia hewa. Nimeona mchungaji analia kwa ajili ya giaboksi. Kwa hiyo nilipopigiwa simu mwezi uliopita kwamba Mzee Anaeli, aliyenifundisha kazi, amefariki, sikushangaa. Alikuwa na miaka zaidi ya themanini na kifua kilichokula moshi wa magari maisha yake yote. Nilifanya kama anavyofanya mtu wa kiwango changu. Nilitoa maturubai, viti, saruji ya kaburi na ng'ombe mmoja mzima, nikapanda Kirua Vunjo na gari tatu, nikakaa mstari wa mbele. Mchungaji alinitaja jina. Tulipomaliza kuzika na watu wakaanza kupanga foleni ya chakula, akaja bibi mmoja mwembamba mwenye fimbo, kitenge amejifunga hadi kwapani, akanishika mkono. Nikamwambia shikamoo kabla sijamjua. Akaitikia marahaba, akaniangalia, akasema, "Bado unasikia vizuri, Sikio?" Hapo ndipo nilipomjua. Jina hilo sijaitwa na mtu kwa miaka ishirini na moja, na aliyeniita alikuwa mama yake Eliamani, rafiki yangu wa ujana. Akasema niende kwake siku nikipata nafasi, kwamba ana neno dogo na mimi, kisha akaenda kusimama kwenye foleni kama watu wengine.

Mwaka ule wa Sikio nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa fundi namba mbili kwa Mzee Anaeli, mtaa wa Pasua. Karakana yenyewe ilikuwa uwanja wa vumbi jeusi lililoshindiliwa na oili chafu mpaka likawa gumu kama lami, na pembeni kontena la bati ambalo ndani yake ndimo tulimokuwa tunakula. Nalikumbuka lile kontena kuliko nyumba nyingi nilizolala. Mchana lilikuwa linachemka. Kulikuwa na benchi lililotokana na kiti cha nyuma cha gari, kalenda ya kanisa yenye alama za vidole vya grisi kwenye kila Jumapili, na sufuria ya makande iliyoletwa na mke wa mzee, imefunikwa kwa sahani ya bati. Tulikuwa tunakula tukibishana, na ubishi wa mwaka ule ulikuwa mmoja: nozeli. Magari ya kabureta yalikuwa yanaisha. Kila wiki liliingia gari jipya kutoka Dar, ukifungua boneti hukuti kabureta, unakuta nyaya kama utumbo wa mbuzi, nozeli nne zinazonyunyiza mafuta kwa hesabu, na kontroli boksi imefichwa chini ya dashibodi inaamua kila kitu kama mwalimu mkuu. Mzee Anaeli alikuwa mfalme wa kabureta. Angeweza kuifungua na kuifunga huku anasimulia habari za ushirika wa kahawa, asipoteze hata skrubu. Lakini nozeli hakuzigusa. Alikuwa anasema mashine inayofikiri yenyewe haihitaji fundi, inahitaji mganga. Wateja walikuwa wanageuza na kuondoka, naye anaendelea kutafuna makande polepole. Nami nilikuwa nacheka, tena si chinichini.

Mimi nozeli nilijifundisha mwenyewe, na hapa sitajifanya mnyenyekevu. Kusoma vitabu vyake sikuweza kwa kuwa vyote vilikuwa vya Kiingereza na Kijapani. Nilizisoma kwa sikio. Ningeweka bisibisi ndefu juu ya nozeli, mpini nikaubana sikioni, nikasikia ile tik-tik-tik yake, na nikakwambia ipi imeziba. Gari likipita barabarani nilikuwa nasema plagi ya tatu inakufa, na wakifungua wanakuta ni ya tatu kweli. Ndiyo sababu wakaniita Sikio, na jina lilitembea mpaka Kwa Sadala upande mmoja wa mlima na mpaka Mkuu upande wa pili. Eliamani ndiye aliyelianzisha. Alikuwa dereva wa teksi pale stendi, mrefu, mcheshi, mtu wa Kirua kama mzee, na gari lake lilikuwa dogo, la Kijapani, la kabureta, limechoka. Mwezi wa tano akaja na injini ya nozeli ya mtumba aliyoinunua Dar, imelala kwenye gunia na nyaya zake zote. Akanikuta nakula. Akasema, Sikio, nataka Desemba hii wanaotoka Dar waione taa yangu ya nyuma tu.

Mtu wa kwetu anajua maana ya maneno hayo. Desemba Wachagga wote wanarudi mlimani, na kila anayerudi anarudi na gari lake, na gari ndilo linalosema mwaka ulikuwaje kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Sisi tuliobaki chini ya mlima mwaka mzima tulikuwa tunakaa pembeni tunasifia. Siku ya pili ya Krismasi, baada ya ibada na baada ya nyama, vijana walikuwa wanashuka Himo, wanashika barabara ya kwenda Mwanga pale inaponyooka, wanashindana. Hakukuwa na zawadi. Kulikuwa na kutajwa tu mwaka mzima. Eliamani alitaka kutajwa, nami nilitaka atajwe na fundi wake. Mzee Anaeli alipoiona ile injini kwenye gunia alisema haitaingia kwenye uwanja wake. Hakugomba. Alisema tu kwamba gari la teksi kazi yake ni kumrudisha abiria nyumbani.

Basi tukapeleka kazi Kirua, kwa mama yake Eliamani, na tukaifanya Jumamosi na Jumapili mchana kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi na moja. Kihamba chao, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa juu kabisa, migomba na kahawa vimebanana mpaka jua linaingia kwa kuomba ruhusa, mfereji wa maji unapita nyuma ya zizi, na asubuhi ukipumua unaona pumzi yako. Injini tuliiweka kwenye kibanda cha kukaushia kahawa, juu ya meza ya matawi. Mama alikuwa mjane, ana huyo mtoto mmoja wa kiume na ng'ombe wawili wa maziwa. Alikuwa anatupikia kiburu cha ndizi na maharage, anatuwekea na maziwa mgando kwenye kibuyu, na alikuwa anasimama mlangoni kuhakikisha kwamba nimemaliza. Jiko lake lilikuwa na dari ya mianzi iliyokuwa nyeusi kwa moshi, na kule juu ya dari ndiko alikokuwa anaweka kila kitu cha thamani. Nilikuwa nakula na kulala kwake kama mtoto wa pili. Nilimsikia mara moja anamwambia jirani yake, nje kwenye mfereji, kwamba yule fundi ana majivuno lakini anakula vizuri, na mtu anayekula vizuri hana roho mbaya. Nimelibeba neno hilo muda mrefu.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri na sitaki mtu aje aseme nilikuwa sijui. Nguvu ya injini ya petroli iko kwenye mgandamizo, yaani kompresheni kama tunavyosema wenyewe. Pistoni ikipanda inabana hewa na mafuta, kadiri inavyobana zaidi ndivyo mlipuko unavyosukuma zaidi. Nikaipeleka hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kwa mtu wa kuchonga vyuma, akaikwangua uso wake milimita moja na nusu, nikafunga gasketi nyembamba, ikawa nafasi ya juu ya pistoni imebaki kidogo kama kinywa cha bahili. Halafu nikasogeza taiming mbele, cheche ipige mapema. Tulipoiwasha ndani ya gari, kahawa iliyokuwa imebaki kwenye meza iliruka. Lakini ikipanda mlima kwa moto mkubwa, kuna mahali ilikuwa inakata nguvu ghafla, kama mtu aliyeshikwa koo. Nilitafuta wiki mbili nikaijua. Ubavuni mwa injini kuna sensa moja ndogo, imefungwa kwa bolti kwenye chuma chenyewe, kazi yake ni kusikiliza. Mafuta yakilipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga ndani kwa ndani, na ile sensa ikisikia inaiambia kontroli boksi, nayo inarudisha cheche nyuma kuiokoa injini. Ile ndiyo ilikuwa inaniibia nguvu. Nikasema injini moja haiwezi kuwa na masikio mawili. Ukikata waya wake kontroli boksi inajua, inawasha taa na kugoma. Kwa hiyo sikukata. Niliifungua bolti, nikaitoa sensa kwenye chuma, nikataka kitu laini cha kuiviringisha ili ibaki imeunganishwa na waya lakini isisikie chochote.

Mama alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nikamwomba kipande cha mpira. Akautua mzigo, akafungua mpira wake wa kufungia majani, ule wa tyubu ya baiskeli, mrefu, una fundo katikati pale ulipowahi kukatika akaunganisha. Akaniuliza wa nini. Nikamwambia, "Mama, nataka kuziba sikio la mbea." Akacheka, akanipa wote, akabeba yale majani kwa kuyakumbatia kifuani. Niliviringisha sensa, nikaifunga kwa lile fundo, nikaining'iniza kwenye nyaya. Gari lilipanda mlima wa Kirua siku ile bila kukata hata mara moja. Eliamani akanilipa papo hapo hela yote ya kazi, noti zilizokunjwa ndogo ndogo, zinanuka moshi. Nilizihesabu nikatia mfukoni wala sikuuliza kwa nini zinanuka.

Kosa langu lilikuwa moja, na ni kosa ambalo fundi wa tambarare asingelifanya, wala fundi wa kusoma. Niliitengeneza injini mlimani. Kule juu hewa ni nyepesi na ya baridi, ukibana unachobana ni kidogo, na injini inavumilia. Miezi sita niliisikiliza pale pale, kwenye ubaridi wa migomba, na sikio langu likaniambia iko salama. Chini ya Himo kuna nchi nyingine. Hewa ni nzito, inajaza silinda mpaka juu, na mwezi wa kumi na mbili saa nane mchana lami inayeyuka. Injini ile ile, nozeli zile zile, lakini imewekwa ndani ya tanuri. Leo mashine yangu inanionyesha hayo yote kwa namba. Siku ile nilikuwa na sikio.

Na sikio lilisikia. Hilo ndilo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Siku ya pili ya Krismasi nilikaa kiti cha mbele kushoto, tukashuka, na tulipoipita Himo nikaanza kuisikia, ndogo sana, kama punje za mahindi zinazoruka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Tulikuwa tumefungua madirisha na upepo ulikuwa mkali, lakini niliisikia. Tulifika pale walipojipanga, magari sita ya Dar, vijana wamevaa miwani, bia juu ya boneti. Mmoja wao akaliangalia gari letu, akamwuliza Eliamani, Mangi, umeleta teksi au umeleta abiria? Wakacheka. Mwingine akauliza fundi ni nani, na Eliamani akanishika bega mbele ya wote, akasema fundi ni huyu, anasikia kiroboto akikohoa. Mimi niliposhuka kwenda kusimama na watazamaji, Eliamani alichungulia dirishani. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa dereva, naye alikuwa amesikia kitu.

"Sikio," akasema, "iko sawa? Niambie tu, nitageuza."

Nilikuwa na neno moja la kusema. Miwani yote ile ilikuwa inanitazama.

"Kanyaga," nikamwambia. "Huo ni mlio wa nguvu."

Alikanyaga. Aliwaacha wale wa Dar nyuma, wote sita, na kwa muda ambao mtu anaweza kusema Baba Yetu nusu nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote chini ya mlima ule. Halafu kukasikika kishindo kimoja kikavu. Pistoni ilitoboka, konrodi inayoishika ikakatika ikapasua ubavu wa injini, injini ikajifunga, na matairi ya mbele yakajifunga nayo. Gari lilitoka barabarani likiwa linawaka oili. Tulimtoa kwa mikono. Alifika hospitali anapumua, hakufika jioni.

Mzee Anaeli ndiye aliyekwenda kulivuta lile gari, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyekumbuka. Siku ya tatu alinikuta kwenye kontena. Sikuwa nakula. Alikaa kwenye lile benchi, akatoa kiganja, na kiganjani ulikuwa ule mpira, umeungua upande mmoja, fundo likiwa zima. Akaniuliza ni wa nini. Nikamwambia, "Mzee, mafuta yalikuwa yamechanganywa na mafuta ya taa." Akaufunika ule mpira kwa vidole, akautia mfukoni. Msibani kila mtu alikuwa anasema mafuta mabaya, siku hizi wangesema yamechakachuliwa, na hakuna aliyejua kwamba maneno yale yalianzia mdomoni mwangu. Nilibeba jeneza upande wa kulia. Mama alinishika kichwa, akaniambia nile. Mzee Anaeli hakuniita Sikio tena. Aliniita kwa jina la ubatizo, kama mtu anayesoma orodha. Mwezi wa pili nikaondoka kwake, nikafungua uwanja wangu, na kila kilichofuata kilikuwa cha kupanda tu: karakana, nyumba ya ghorofa, viti vya mbele. Kirua nilikuwa napanda kwa misiba mikubwa tu, na njia ya kwa mama yule niliipita nikiwa nimefunga vioo.

Wiki mbili baada ya kumzika mzee nilikwenda. Nilifanya kama mila inavyotaka. Nilichuma jani la isale mpakani mwa kihamba cha kwetu, nikalifunga fundo, kwa kuwa kwetu anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama umemuulia mtoto. Pamoja na isale nilibeba bahasha yenye shilingi milioni tano, noti mpya za elfu kumi kumi. Nilimkuta jikoni. Dari ni ile ile, moshi ni ule ule. Zizi lilikuwa tupu. Alinipa kigoda, akaniwekea kiburu, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza, na nilikimaliza kwa taabu. Ndipo nikapiga magoti, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili, nikamwambia yote: mpira, sensa, ule mlio wa mahindi, na neno nililosema dirishani.

Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akapanda kwenye kigoda, mzee vile, akapapasa juu ya dari, akashuka na kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti. Ndani kulikuwa na isale lililokauka kabisa, la kahawia kama tumbaku, na kando yake ule mpira.

"Anaeli aliniletea hili kabla ya arobaini ya mwanangu," akasema. "Alipiga magoti hapo hapo ulipo. Akasema ni yeye aliyefunga mpira kwenye injini, ni mkono wake. Nikapokea. Utakataaje isale?"

Miaka ishirini na moja nilikuwa nadhani yule mzee ananidharau.

"Ulimwamini?" nikamwuliza.

"Mpira niliufungua mzigoni mwangu mwenyewe. Nilimpa nani?" Akalishika lile fundo. "Hili nililifunga mimi. Anaeli alijua kwamba najua. Tulikuwa tunasalimiana kanisani kila Jumapili, hatukulisema tena. Nilikuwa nakungoja wewe. Nimengoja sana, mwanangu."

Nikamsogezea jani langu. Alilitazama bila kuligusa.

"Hilo kalirudishe ulikolichuma. Kosa moja lina isale moja, nami la kosa hili nilishalipokea. Alikuja nalo mtu asiyekosa, nikamsamehe yeye. Kwako sina lingine."

Sikujua mtu anafanya nini baada ya hapo. Nilifanya ninachokijua. Nikatoa bahasha, nikaiweka kwenye mkeka. Aliifungua, akachungulia, akaniuliza mwanawe alinilipa kiasi gani kwa kazi ile. Nikasema sikumbuki vizuri. Akasema yeye anakumbuka, kwa kuwa ilikuwa hela ya kahawa ya misimu miwili, ilikaa pale juu ya dari, Eliamani akaiomba akampa. Akaanza kuhesabu noti kwa kidole kilichopinda, taratibu, akizipanga kwenye goti lake, ya mwisho akanirudishia, akataka nusu yake tu kutoka mfukoni mwangu. Alipomaliza alikunja zile zake ndogo ndogo, akapanda kigoda, akazirudisha darini pamoja na mpira na jani la Anaeli. Bahasha iliyobaki akanirudishia kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mgeni kitu alichosahau.

Alichokubali kupokea ni shilingi laki moja na elfu thelathini na tano.